Kanuni za chuo ni ulimi wa mtoto asiyeweza kushtaki

Barua ya kuitwa chuoni ikifika nyumbani, hapakaliki. Mama hukanda unga wa chapati, baba huitembeza barua ile kwa majirani, na mjomba aliyepotea tangu Krismasi hujitokeza kutoa pongezi. Kisha hesabu huanza: karo ni kiasi gani, godoro litanunuliwa wapi, na je, lile sanduku la dada mkubwa bado lina kufuli? Katikati ya pilkapilka hizo huwa kuna kurasa kadhaa zilizoambatanishwa na barua, zenye orodha ndefu ya kanuni na masharti. Hakuna azisomaye. Kijana hutia sahihi chini, mzazi hutia yake kando, na karatasi hurudishwa katika bahasha.

Leo, msomaji mpenzi, hebu tuzitoe karatasi hizo katika bahasha tuzisome pamoja. Tutazisoma kwa niaba ya kijana mmoja hasa: yule anayekwenda kusomea ualimu wa elimu maalum. Huyu ndiye atakayewafundisha watoto wasioona, wasiosikia, wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wenye mtindio wa ubongo, na wale wenye ulemavu zaidi ya mmoja.

Kazi hii ina historia hapa kwetu. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, kabla wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawajazaliwa. Mwaka wa 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto ili wazazi wajue mtoto ana tatizo gani na asome wapi. Mwaka wa 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Vyuo vikuu kama Kenyatta na Maseno navyo hutoa mafunzo hayo. Baadhi ya wanafunzi hutoka moja kwa moja katika shule ya upili. Wengine ni walimu walio kazini tayari, wazazi wenye watoto wao, wanaosoma wakati wa likizo za shule huku wakihesabu nauli.

Wote hawa huwa na lalamiko moja. Husema kanuni zimezidi. Mahudhurio yanaandikwa, simu zinakatazwa darasani, mavazi yanapimwa kwa macho, kazi ikichelewa inakatwa alama, na katika mazoezi ya kufundisha kila kitu lazima kiandikwe. "Tunachungwa kama watoto wa chekechea," utawasikia wakisema.

Lalamiko hilo si la kupuuzwa, na baadaye tutalirudia. Lakini kwanza tujiulize swali moja. Kanuni hizo zinamlinda nani?

Katika shule ya kawaida, mwalimu akikosa kuingia darasani wiki nzima, habari hufika nyumbani jioni ileile. Mtoto hutupa mkoba kwenye kochi na kusema, "Mama, leo tena mwalimu wa Hesabu hakuja." Mwalimu akimpiga, alama huonyeshwa. Akimtukana, tusi hurudiwa neno kwa neno, hata na sauti ya mwalimu ikaigwa. Mtoto huyo ndiye mkaguzi wa kwanza wa mwalimu wake, na hahitaji kulipwa marupurupu.

Sasa mfikirie mtoto asiyesikia. Watoto wengi wasiosikia huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wazazi wengi hao hawajui lugha ya ishara. Mtoto anarudi nyumbani likizoni na habari za muhula mzima mikononi mwake, na hapana wa kuzisoma. Mfikirie mtoto mwenye usonji ambaye hasemi kabisa. Mfikirie msichana mwenye ulemavu wa akili ambaye, akifanyiwa uovu, huenda hajui kwamba ni uovu. Na hata akisema, watu wazima husema, "Huyu naye, mnamjua alivyo." Aidha, wengi wa watoto hawa huishi katika mabweni, mbali na kwao.

Mtoto wa namna hii hawezi kushtaki. Kwa hivyo kanuni zinazomfunga mwalimu wake, tangu siku anapoingia chuoni, ndizo ulimi wake. Tukishika neno hilo, zile kurasa tulizotia sahihi bila kusoma zinaanza kuwa na maana nyingine.

Siku nne tu

Tuanze na mahudhurio, maana hapo ndipo kelele huwa nyingi. Vyuo huweka kiwango cha mahudhurio ambacho mwanafunzi akishuka chini yake hakubaliwi kufanya mtihani. Mazungumzo kama haya hayawezi kuwa mageni katika nyumba zetu:

"Mama, hawa watu wametuzidi. Eti nisifanye mtihani kwa sababu nimekosa siku chache."

"Siku ngapi, mwanangu?"

"Nne tu. Mbili ilikuwa ile harusi ya binamu, na mbili matatu ziligoma."

"Na siku hizo nne walikuwa wakifundisha nini?"

Hapo simu hunyamaza, kwa kuwa hakumbuki. Na hawezi kukumbuka, kwani hakuwako.

Tuseme somo la siku mojawapo lilikuwa kifafa. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa na kifafa pia, kwa hivyo mwalimu wao ataona mtoto akianguka, pengine katika wiki yake ya kwanza kazini. Aliyehudhuria somo atajua la kufanya. Ataondoa viti na vitu vyenye ncha, ataweka kitu laini chini ya kichwa, atamlaza mtoto ubavu, ataangalia saa, na mshtuko ukipita dakika 5 atatafuta gari la kumpeleka hospitalini. Hatamshika kwa nguvu wala kumtia chochote kinywani. Aliyekuwa harusini atafanya alichoona mtaani: atakimbilia kijiko na kukisukuma katikati ya meno. Kijiko hicho kinaweza kuvunja meno au kuzuia pumzi.

Au tuseme somo lilikuwa kumlisha mtoto ambaye misuli ya shingo na koo haimtii. Mtoto huyo hulishwa akiwa ameketi wima, kichwa kikielekea mbele kidogo, chakula kidogo kidogo, akipewa muda wa kumeza. Mwalimu asiyejua atamlaza chali mapajani, kama tunavyowanywesha uji watoto wachanga, na uji utaingia katika njia ya hewa badala ya kwenda tumboni. Mtoto atakohoa, atapata homa ya mapafu, na watu watasema alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Hakuna atakayekumbuka siku iliyorukwa chuoni.

Kazi ya kununua

Kanuni ya pili ni ile ya uaminifu katika masomo: usiibe mtihani, usinakili kazi ya mwenzako, usilipe mtu akuandikie. Jijini Nairobi kuna vijana wengi wanaopata riziki kwa kuwaandikia watu kazi za chuo, hata wanafunzi walio Marekani na Uingereza. Siku hizi kuna pia programu za kompyuta zinazotunga ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Majaribu yako kiganjani, hasa kwa mwalimu aliye kazini ambaye anafundisha mchana, anapika jioni, na kazi ya chuo inamngoja saa nne usiku.

Lakini kuna elimu ambayo haiwezi kununuliwa, na elimu maalum imejaa elimu ya aina hiyo.

Chukua maandishi ya breli. Herufi zake zote hujengwa kwa nukta 6 tu, zilizopangwa katika safu mbili za nukta tatu tatu. Herufi e ina nukta ya kwanza na ya tano. Herufi i ina nukta ya pili na ya nne. Ukiziangalia, moja ni kama sura ya nyingine katika kioo. Na anayeandika kwa kibao na kalamu ya breli hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza ili isomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi aliyepita mtihani wa breli kwa kuchungulia karatasi ya jirani atazichanganya herufi hizi mbili. Atawaandikia watoto "kiti" na wao watasoma "kete". Mtoto anayeona angesahihishwa na bango la barabarani, gazeti, au ndugu yake mkubwa. Mtoto asiyeona, ambaye nyumbani hakuna mwingine ajuaye breli, atalibeba kosa hilo hadi chumba cha mtihani wa kitaifa.

Lugha ya ishara nayo ni vivyo hivyo. Kenya ina lugha yake ya ishara, na katiba ya mwaka wa 2010 inaitaja kwa jina. Ni lugha kamili yenye sarufi yake. Umbo la kiganja, mahali kinapowekwa, mwendo wake na sura ya uso vyote hubeba maana. Ripoti ya kurasa 20 kuhusu lugha ya ishara inaweza kuandikwa na mtu wa saiba asiyejua hata kuamkia kwa mikono. Siku mwalimu huyo atakaposimama mbele ya watoto 12 wasiosikia, wote wakimtazama mikono, ripoti ile haitamsaidia kusema neno moja.

Iko kazi nyingine ambayo wakufunzi huipa uzito sana. Mwanafunzi huagizwa kumfuata mtoto mmoja kwa muda, aandike anaweza nini, hawezi nini, anapenda nini, anaudhika na nini, kisha aandae mpango wa kumfundisha yeye peke yake. Mvivu anaweza kukaa chumbani akabuni mtoto. Atampa jina, umri, ulemavu na hata maendeleo mazuri mno. Alama huenda akapata. Lakini macho yake hayakufunzwa kuona. Atakapopewa mtoto wa kweli, anayejipiga kichwa ukutani kila kengele inapolia, hatatambua kwamba kengele ndiyo inayomuumiza. Atasema mtoto ana kiburi, au ana mapepo.

Kwa sababu hiyo, chuo kinapomwita mwanafunzi aeleze alivyoipata kazi yake, mzazi asikimbilie kusema wakufunzi wana roho mbaya. Karatasi ya diploma ni ahadi ambayo chuo kinampa mzazi mwingine, asiyekujua wala usiyemjua, kwamba mtu huyu anaweza kukabidhiwa mwanawe.

Madaftari ya kila siku

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi hutakiwa kuwa na maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, na mpango wa elimu wa kila mtoto. Madaftari haya ndiyo huwatoa wengi machozi. Darasa linaweza kuwa na watoto 10 tu, lakini kila mmoja ana lengo lake. Huyu anajifunza kufunga vifungo vya shati. Yule anajifunza kuhesabu hadi tano. Wa tatu anajifunza kuonyesha picha ya choo anapotaka kwenda haja.

Mtu wa nje atauliza, kuna haja gani ya kuandika kwamba leo mtoto amefunga vifungo viwili? Haja ipo. Maendeleo ya watoto hawa mara nyingi huwa madogo na ya polepole, kiasi kwamba yasipoandikwa hayaonekani. Mwalimu akihamishwa, anayekuja nyuma yake bila kukuta daftari ataanza tena kwenye kifungo cha kwanza. Mtoto atafundishwa kifungo cha kwanza kwa miaka mitatu, na mtoto huyo hana maneno ya kusema, "Hiki nilishajua." Daftari humsemea.

Kiboko na mlango uliofungwa

Tukija kwenye mwenendo, sheria zenyewe za nchi zimesema, na chuo kinazikariri tu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikakaza zaidi: anayemtesa au kumwadhibu mwanafunzi kwa namna ya kumuumiza mwili au akili anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Wapo bado wanaoamini kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili "hasikii mpaka apigwe." Mafunzo ya elimu maalum huanza kwa kuvunja imani hiyo. Mtoto anayepiga mayowe darasani mara nyingi anajaribu kusema jambo kwa njia pekee aliyo nayo: ana njaa, ana maumivu, kuna makelele, ratiba imebadilishwa bila yeye kuonywa. Kumpiga ni kumwadhibu kwa kukosa maneno.

Kuhusu tamaa za kimwili, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 haikuficha neno. Mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule, au wa taasisi maalum ya mafunzo, anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono hufungwa si chini ya miaka 10. Mwanafunzi wa ualimu asijidanganye kwamba kwa kuwa hajaajiriwa bado yeye ni kijana tu anayepita. Kumnajisi mtoto ni jinai kwa mtu yeyote, na mtoto anapomwita "mwalimu" hamwulizi nambari yake ya ajira. Mwaka wa 2010, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma hizi, na ndani yake anayejua na kunyamaza naye hatiani.

Katika elimu maalum jambo hili lina ugumu wake, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kumgusa mtoto. Kuna watoto wanaohitaji kuvuliwa, kuogeshwa, kupelekwa msalani, kubadilishwa nguo. Ndiyo maana kanuni huingia katika mambo ambayo wengine huona ni madogo. Usijifungie na mtoto peke yako. Mwambie mtoto unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, hata kama unadhani haelewi. Msichana asaidiwe na mwanamke inapowezekana. Lolote lisilo la kawaida liandikwe na liripotiwe. Kijana mwema asione kwamba anashukiwa. Kanuni hizo humlinda hata yeye na uvumi, na humzoesha mtoto kujua mguso wa msaada ulivyo, ili mwingine ukija autilie shaka.

TSC haiandikishi mwalimu asiye na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na kwa mujibu wa sheria ya tume hiyo ya mwaka wa 2012, asiyesajiliwa hana ruhusa ya kufundisha popote. Mwalimu akifutwa katika sajili, elimu yote aliyolipiwa na wazazi kwa kuuza ng'ombe na kukopa chamani hubaki karatasi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Picha moja ya simu

Kanuni nyingine ambayo vijana huidharau ni ya kutunza siri. Mwanafunzi yuko katika mazoezi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo amepiga hatua yake ya kwanza, na simu iko mfukoni. Anamrekodi na kuituma kwenye TikTok na WhatsApp, na maneno ya kutia huruma chini yake. Nia ni nzuri, na watu wanabonyeza kupenda.

Lakini mtoto huyo ana wazazi, ana jina, na atakuwa mtu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na habari za afya ya mtu imeziweka katika kundi la habari nyeti. Kusimulia katika matatu kwamba "yule mtoto wa fulani wa mtaa wetu ana hivi na hivi" ni kuvunja kanuni hiyohiyo, hata bila simu. Wazazi wengine bado hawajawaambia hata jamaa zao. Wengine wameachwa na waume kwa sababu ya mtoto huyo. Neno moja la mwanafunzi mwenye mdomo mwepesi linaweza kumfanya mama amtoe mtoto shuleni na kumfungia chumbani tena.

Chuo nacho kinafungwa

Nilisema tutalirudia lalamiko la wanafunzi. Kanuni si fimbo ya mkuu wa chuo. Nazo zina mipaka, na mwanafunzi ana haki zake.

Mwanafunzi anayetuhumiwa kwa kosa anastahili kuelezwa kosa lenyewe, apewe nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi, na akiadhibiwa apewe sababu kwa maandishi. Hayo yamo katika katiba na katika sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala. Kumfukuza kijana kwa hasira za asubuhi moja si nidhamu.

Mkufunzi anayedai "kitu kidogo" ili kutoa alama, au anayemwita msichana ofisini jioni kwa ajili ya "kurekebisha matokeo", amevunja kanuni kubwa kuliko zote, kwa maana anawafundisha walimu wa kesho kwamba mnyonge hana pa kusemea. Mwanafunzi aandike tarehe, atunze ujumbe wa simu, na asiende kuripoti peke yake.

Wako pia wanafunzi wa ualimu ambao wenyewe ni walemavu. Katiba, kifungo cha 54, inawapa haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyingine zinazowafaa. Chuo kinachofundisha elimu maalum, kisha kikampa mwanafunzi asiyeona karatasi ya mtihani ya kawaida au kikamnyima muda wa ziada, kinajikana chenyewe. Na kwa mama anayenyonyesha, au yule ambaye karo imekwama, haki ni kuelezwa mapema utaratibu wa kuahirisha masomo, badala ya kugundua mlangoni siku ya mtihani kwamba jina lake halipo.

La kufanya nyumbani

Sasa turudi kwenye bahasha. Familia ifanye nini?

Kwanza, someni kanuni pamoja kabla ya kutia sahihi. Zima televisheni kwa nusu saa. Palipo na neno gumu, pigeni alama na mpige simu chuoni kuuliza. Ulizeni hasa mambo matatu: kiwango cha mahudhurio, adhabu ya kunakili kazi, na utaratibu wa kukata rufaa.

Pili, mwulize mwanao kwa nini anataka kazi hii. TSC huwalipa walimu wa shule maalum marupurupu ya ziada, na si dhambi kuyapenda. Lakini kama hayo ndiyo pekee yanayomvuta, ni heri ajue mapema. Mwache akajitolee wiki mbili katika shule au kituo cha watoto hawa kabla ya kulipa karo. Akirudi jioni akiwa na mate ya mtoto begani na bado anasimulia kwa furaha, karo hiyo haitapotea.

Tatu, asaidiwe kutii. Ukimwita mwanao nyumbani kwa kila harusi, kila matanga na kila mavuno, usishangae akizuiwa kufanya mtihani. Kwa mwalimu aliye kazini, mume au mke amwachie saa mbili za jioni bila kumtuma. Hiyo ni karo pia.

Nne, msimlipie mtu amwandikie kazi. Mzazi anayetoa pesa hizo anamnunulia mtoto wa mwenzake mwalimu asiyejua kazi.

Tano, kwa mzazi mwenye mtoto katika shule maalum: ukisikia mwanafunzi wa mazoezi yuko darasani mwa mwanao, nenda ukamwone. Mwombe akuonyeshe mpango wa kumfundisha mtoto wako. Mwambie anachopenda, anachoogopa, na anavyoonyesha kwamba anaumwa. Jifunze ishara japo chache: njaa, maumivu, ndiyo, hapana, nani. Hiyo ya mwisho usiiache.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Ajali moja ya barabarani, homa moja ya uti wa mgongo, na mtoto anayekimbia leo anaweza kuhitaji mwalimu wa namna hii kesho. Ikiwa hivyo, utataka mwalimu aliyekuwako darasani siku ya somo la kifafa, aliyeandika breli kwa mkono wake mwenyewe, na ambaye mkono wake haujawahi kuinuliwa juu ya mtoto asiyeweza kusema. Kalamu ya kutia sahihi iko mezani. Soma kwanza.